Madamu Hataki Kuku wa Ngozi

Naanza na aibu yenyewe, ili msije mkaisikia sokoni ikiwa imeshatiwa chumvi: mimi, Mama Furaha wa Magarama, mpishi wa kuku kwa miaka kumi na moja, niliyesoma Kigoma hadi darasa la saba na ambaye watu wa Gitega hapa Burundi hunicheka kwamba naongea kama redio, nilishindwa na neno la silabi mbili, na kwa kushindwa huko nikamchafulia mtu jina lake, nikawakosesha wafugaji arobaini kitoweo chao, na kuku wangu mwenyewe akawekwa mbele ya ubao kama mfano wa kuku asiyefaa kuliwa. Mkitaka kucheka, chekeni sasa. Mimi sikucheka, nilikasirika, na nikikumbuka bado nakasirika, ingawa siku hizi sijui vizuri wa kumkasirikia ni nani.

Kwanza muelewe nilikuwa natafuta nini. Jiko langu la Magarama mnalijua wote mliokula kwangu: chumba cha nyuma, dirisha moja dogo kama la banda la mbuzi, na kuni ambazo msimu wa mvua haziwaki, zinafuka. Macho yangu yamekuwa mekundu kiasi kwamba mteja mgeni akiniona naleta sahani ananipa pole, anadhani nimefiwa. (Mmoja aliwahi kuniuliza marehemu alikuwa nani wangu, nikamwambia ni mwenye nyumba, aliyekataa kunitobolea ukuta.) Basi kule Nyarusange ukajengwa mradi wa kufundisha watu kufuga kuku, na katika majengo yale kuna jiko lenye bomba la moshi. Nilikwenda kulitazama kwa miguu yangu. Bomba limetoka juu ya meko, limepita paa, limesimama nje kama mtu anayejua kazi yake. Nikaliwekea mkono, na nawaambia ukweli, nililitamani lile bomba kama wengine wanavyotamani gari. Na mradi ulikuwa unatafuta mpishi.

Wa kuamua alikuwa mtaalamu wao wa kuku, mama mmoja wa makamo kutoka Thailand aitwaye Malee, watu wakamwita Madamu Mali, naye akaitika. Kifaransa chake kilikuwa cha kuokoteza, Kiswahili hana, Kirundi ni salamu ya amahoro tu, kwa hiyo kila alichotaka kusema kilipitia kwa dereva wake, Désiré, kijana wa Bujumbura ambaye alikuwa mteja wangu na ndiye aliyenisifia kwake. Madamu akasema sawa, kuna mafunzo ya siku tatu Muyinga, siku ya kufunga watu watakula chakula cha mchana pamoja, huyo mama aje apike, na nikiridhika naye jiko la Nyarusange ni lake. Maneno mepesi kabisa, hata mtoto angeyaelewa.

Sasa hapa ndipo nilipofanya kile kitu kidogo kilichozaa yote. Désiré alinipigia simu kuniuliza nitapika nini, maana madamu alitaka kujua mapema. Ningesema kuku na wali, nikakata simu, leo nisingekuwa na mkasa wa kuwasimulia. Lakini mimi na kujisifu tumezaliwa siku moja. Nikamwambia, "Mwambie madamu nitampikia kuku wa Ngozi, ambaye tangu azaliwe hajamla."

Nilimaanisha Ngozi mji, Ngozi ya watu na soko na barabara, ambako kuku wangu wote hutoka. Analeta Baba Zuhura, Mwislamu wa Ngozi mwenye meza yake kwenye soko la Gitega, miaka minane sasa, kuku wa kienyeji wa vilimani waliokua kwa kuparua chini ya migomba, miguu migumu, nyama inayokataa meno mara ya kwanza na kukubali mara ya pili. Anawachinja mwenyewe kwa mkono wake, na kwa sababu ya mkono huo Waislamu wa mjini wanakaa mezani kwangu, mimi Mkristo, bila kuuliza swali. Kwangu kusema kuku wa Ngozi ni kutaja ukoo. Lakini kwenye simu herufi kubwa haisikiki, jamani, na Désiré, ambaye alikuwa amekula kwangu mara ishirini na kila mara akasifia ngozi yangu ya kukaanga inavyolia mdomoni, alisikia alichokuwa anakifikiria. Akamgeukia madamu, akamwambia kwa Kifaransa kwamba mpishi atakuletea kuku na ngozi yake.

Haikupita nusu saa simu ikalia tena.

"Mama, alors, madamu amekataa," Désiré akasema. "Anasema kuku ya Ngozi hapana, hata kidogo. Iko anaogopa, juu banapigaka masindano, na ile dawa inabakia palepale. Kwao Thailand mama yake alimukatazaka tangu utoto."

Hapo mtu mwenye akili timamu angejiuliza: mama wa mtu kule Thailand, aliyelea watoto wake mbali na hapa kiasi kwamba hata ndege inachoka, aliwajuaje kuku wa Ngozi mpaka akawakataza wanawe? Mimi sikujiuliza. Mimi nilisema moyoni, kumbe sifa zao zimefika hadi huko, na zimefika mbaya. Nikakumbuka kwamba mwezi uliopita kuku wawili wa Baba Zuhura walikuwa wanene kuliko kawaida. Nikakumbuka kwamba hapendi mtu aende kuona kuku wake wanakotoka. (Hakuna muuza kuku anayependa, nani atakuonyesha chemchemi yake ukachote mwenyewe?) Dakika kumi tu, nikawa nimemfungulia mashtaka, nimemsikiliza, nimemhukumu, na yeye mwenyewe yuko mezani kwake anapepea nzi.

Nikafunga kitenge, nikaenda sokoni kwa hasira. Ukitaka kujua aibu yangu ina uzito gani, pima hapo: Baba Zuhura aliponiona kwa mbali alitabasamu, akainama chini ya meza, akatoa majogoo ishirini niliokuwa nimemwagiza kwa ajili ya Muyinga, amewachagua mmoja mmoja, amewafunga miguu kwa kamba mpya. Akasema hata wametoka kilimani kwa mama mmoja ambaye hauzi kwa kila mtu. Mimi nikasimama katikati ya njia, wateja huku, wauza ndizi kule, nikasema kwa sauti ambayo Mungu alinipa kwa ajili ya kwaya na mimi nikaitumia vibaya:

"Siwachukui. Kuku wa Ngozi wamekataliwa na mtaalamu. Wanapigwa sindano."

Ninyi mnalijua soko letu, likinyamaza ni hatari kuliko likipiga kelele. Likanyamaza. Mama mmoja aliyekuwa ameshika kuku wa Baba Zuhura, anampima uzito, akamrudisha taratibu mezani na kuifuta mikono yake kwenye kanga. Baba Zuhura hakupandisha sauti. Aliwatazama wale majogoo, akanitazama mimi.

"Mama Furaha," akasema, "mi nimekuletea kuku miaka nane. Siku moja uliona sindano kwa mkono yangu?"

Nikamwambia mimi si mwenye kusema, wenye kusema ni wataalamu, yeye akawaulize wao. Nikageuka nikaondoka, na nilikuwa na kiburi cha kutosha kutogeuka nyuma. Ulimi uliponza kichwa, wahenga walisema, lakini wangu haukuniponza mimi kwanza, ulianza na kichwa cha mwenzangu. Kabla sijafika Magarama maneno yalikuwa yamenitangulia. Jirani yangu wa duka la chumvi aliniuliza kama ni kweli kuku wa Ngozi wanachomwa shingoni, fundi cherehani wa pembeni akasahihisha kwamba si shingoni ni kwenye bawa, na mama muuza mkaa akaapa kwamba kuna Mzungu amelazwa. Nilikuwa nimesema maneno tisa tu. Nilisikia vibaya moyoni, nakiri, lakini nikajipa moyo kwamba naokoa maisha ya watu.

Asubuhi iliyofuata nikaenda Muyinga, na nilipitia Karuzi kwa makusudi, nisije nikaonekana hata kukanyaga Ngozi. Nilifika na sufuria zangu, viungo vyangu, na bila kuku. Kutafuta kuku ishirini wa kienyeji kwa siku moja katika mji usiokujua ni kazi ya kukutoa jasho: huyu anao watatu, yule ana mmoja anayetaga hauzi, mwingine anasema subiri soko. Jua likaanza kushuka, nikapelekwa kwa mfugaji mmoja mwenye banda la bati, na humo nikaona kuku weupe, wanene, wote wanalingana utadhani wamefyatuliwa kama matofali. Jamaa alikuwa anakoroga unga fulani wa njano kwenye maji yao. Nikamuuliza ni nini. Akasema ni dawa ya kifua, wiki hii walikuwa wanakohoa kidogo. Na mimi, mpishi wa miaka kumi na moja, niliyemwacha Baba Zuhura sokoni kwa sababu ya dawa ambayo sikuwahi kuiona, nikiwa nimesimama mbele ya dawa ninayoiona kwa macho yangu mawili, nilisema nini? Nilisema, "Pole zao." Nikachagua ishirini. Hawakuwa wa Ngozi, na hilo ndilo lililokuwa limejaa kichwani.

Kupika sikupika vibaya, hilo hata adui yangu hawezi kuninyima. Niliwachemsha kidogo kwa tangawizi na vitunguu saumu, nikawaacha wakauke, nikawaingiza kwenye mafuta ya moto, na kwa kuwa wale weupe wana mafuta mengi chini, ngozi ilipanda, ikafura, ikawa na rangi ya asali, ukiigusa na kisu inalia. Nikasema moyoni, Mama Furaha, bomba la moshi ni lako. Wafugaji arobaini walikuwa wamekaa kwenye ukumbi wa kukodi, madaftari yao magotini, ubao mbele, na Madamu Mali kakaa pembeni ya ubao na Désiré wake. Watu walikuwa wametoka vilimani kwa ajili ya masomo, ndiyo, lakini nawajua watu wetu: siku ya tatu ya semina ni siku ya kuku.

Sahani ya madamu niliipeleka mwenyewe. Paja zima, na firigisi pembeni, ile tunayompa baba mwenye nyumba au mgeni wa heshima. Nikasimama mbele ya watu wote, nikasafisha koo, nikasema Désiré amwambie madamu ale kwa amani, nimetii neno lake, hapa hakuna hata kipande cha Ngozi.

Désiré akatafsiri, na nikaona anatafsiri huku anaitazama sahani, na sauti yake inapungua kadiri anavyoendelea. Madamu akaitazama sahani. Akachukua uma, akainua ile ngozi yangu ya rangi ya asali kwa ncha, ikaning'inia mbele ya ukumbi mzima, na akauliza kwa kile Kifaransa chake, kwa upole kabisa, hiki ni nini basi.

"Mama," Désiré akaniambia pembeni, "si nilikuambia hapana ngozi?"

"Na mimi nimekwambia hakuna. Hawa wote ni wa Muyinga."

Désiré akajishika usoni kwa mikono miwili, na kabla hajapata la kusema, mama mmoja kwenye safu ya pili akasimama na daftari lake mkononi. Alikuwa mfugaji kutoka Ngozi, amekuja kwenye mafunzo kama wenzake.

"Mi niko wa Ngozi," akasema. "Tangu jana banatupigia simu toka Gitega, ati kuku zetu zimekataliwa na huyu madamu. Sasa yeye yuko hapa. Aseme tumefanya nini."

Désiré akatafsiri. Madamu Mali hakuelewa, akaomba arudie. Akarudia. Na hapo, polepole, mbele ya watu arobaini wenye njaa, lile fundo likafunguliwa uzi kwa uzi: kwamba yeye hakuwahi kuusikia mji wa Ngozi zaidi ya kuuona kwenye ramani, kwamba alichokataa ni ngozi, ile inayovaliwa na kuku, na kwamba kwao akina mama huwakanya watoto wasile ngozi, hasa ya shingoni, kwa sababu kuku wa mabanda makubwa huchomwa sindano huko na watu wanaamini dawa hubaki kwenye mafuta ya chini. Ukumbi ulianza kucheka safu ya nyuma, kicheko kikaja mbele kama mvua inavyokuja kutoka kilima cha pili, unaiona kabla haijakufikia. Yule mama wa Ngozi peke yake hakucheka. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na iwapo haiwezi kunimeza mimi, basi immeze Désiré.

Ningeshukuru kama yangeishia hapo. Lakini madamu ni mwalimu, na walimu hawajui kuacha. Akauliza, sasa hawa kuku wametoka wapi. Nikasema kwa mfugaji wa hapa. Akauliza, walipewa dawa yoyote. Na mimi nimelelewa vibaya, nimelelewa nisiseme uongo nikiulizwa hadharani, nikasema ndiyo, nilimwona anawapa ya kifua. Lini? Jana. Akauliza tena kana kwamba hakusikia: jana gani. Nikasema jana hii.

Akauweka uma chini. Akasimama, akasema maneno kwa Désiré, na Désiré, ambaye sasa hakuthubutu kunitazama, akatangaza kwamba mtu yeyote asiguse kuku. Kumbe siku nzima ya pili walikuwa wamesoma jambo hilohilo: kuku akipewa dawa kuna siku za kungoja, hachinjwi mpaka dawa imtoke mwilini, na siku zenyewe huandikwa kwenye pakiti. Sindano ya chanjo si sumu, akasema, hiyo ya mama yake ni hofu ya mama. Ila hii ya jana si hofu. Kisha akaibeba sahani yangu, paja na firigisi na ngozi ya asali, akaiweka juu ya meza chini ya ubao, na akarudia somo lote huku akiionyesha kwa kijiti. Watu wakaandika. Mliwahi kuona chakula chenu kinanukuliwa kwenye daftari? Mfugaji mmoja aliinua mkono akauliza kama huyo wa mfano anaweza kuliwa baada ya somo, na hakuwa anatania.

Wakala wali na maharage na ndizi, wamenuna, harufu ya kuku ishirini imejaa ukumbini. Mzee mmoja alipita karibu yangu akasema amekula kuku wagonjwa tangu enzi za baba yake na yupo. Nilikuwa jikoni nakwangua sufuria isiyohitaji kukwanguliwa, na nilikuwa na hasira na kila mtu kwa zamu: na Désiré kwa ile "kuku ya Ngozi" yake, na yule mfugaji na unga wake wa njano, na mama wa watu huko Thailand, na waliouanzisha ule mji wakaupa jina la kitu cha kubanika. Yaani katika majina yote ya duniani.

Madamu Mali akanikuta hapo, yeye na Désiré. Nilidhani amekuja kunifukuza. Aliniuliza hao kuku wa Ngozi niliowakataa walikuwa wa namna gani. Nikamweleza: wa kienyeji, wa vilimani, hawajui banda wala pakiti. Akacheka mpaka akashika mlango. Akasema kwao ngozi ya kuku hukaangwa peke yake, vipande vyembamba, inauzwa barabarani kwenye vifuko, watu wanaila na wali wa kunata na pilipili, na yeye tangu utotoni alikuwa anaila kwa kujificha, mama yake asimwone. Alikataa yangu kwa sababu hakujua ni ya kuku gani. Hao wa vilimani angewala na ngozi yao yote. Nilikuwa nimetupa alichokipenda, nikamletea alichokiogopa. Akasema wiki mbili zijazo wanafungua kituo Nyarusange, nije na hao kuku wa Ngozi, hao hao na si wengine, na hapo ndipo ataamua.

Tulirudi Gitega kwenye gari lao, na Désiré, sijui kwa wema au kwa ubaya, akapitia Ngozi. Njiani tuligombana kama watoto. Nilimwambia angesema kuku bila ngozi ningeelewa, hapana ya Ngozi ni lugha gani. Akaniambia, "We ulisema kuku wa Ngozi. Nani alikukataza kusema kuku kutoka Ngozi? We ndiyo unajuaka Kiswahili." Nikamwambia aangalie barabara. Tulipofika mjini akapunguza mwendo mbele ya kibao cha barabarani chenye herufi kubwa nyeupe, akanionyesha kwa kidole. Nilitazama upande wa pili.

Kwa Baba Zuhura nilikwenda kesho yake, na sikwenda na kwaya, nilikwenda kimyakimya. Meza yake ilikuwa na kuku wengi kuliko siku zote. Wale majogoo ishirini walikuwa bado wapo, na kamba zao mpya zilikuwa zimeanza kuchakaa, maana kwa siku nne hakuna aliyewanunua wala aliyewagusa, na kuku wa kufungwa hula kama wa kufunguliwa. Nilimweleza yote, tangu simu ya kwanza. Alisikiliza akiwa amewapa mgongo watu. Nilipomaliza nilimwomba msamaha, nikamwomba na kuku wa Nyarusange.

"Ulinitukana wapi?" akaniuliza.

Nikasema hapa.

"Na sauti gani?"

Nilielewa. Nilimsihi, nilimwambia nitapita kwa wateja wake mlango kwa mlango. Akatikisa kichwa. Akasema maji yakimwagika hayazoleki, lakini aliyemwaga anaweza kuonekana anapiga deki. Basi nikarudi hatua kumi, nikasimama palepale katikati ya njia, wauza ndizi kule, wateja huku, na nikatoa ile sauti ya kwaya: kwamba mimi Mama Furaha nilidanganya, kuku wa Ngozi hawana sindano, mgeni alikataa ngozi ya mwilini na mimi nikasikia Ngozi ya mji. Ilibidi nieleze mara tatu, kwa sababu kila nikisema ngozi watu wanauliza ipi. Mara ya tatu soko lote lilikuwa linanijibu kwa pamoja. Yule mama aliyefuta mikono kwenye kanga alikuja akachukua kuku wawili, nadhani kwa huruma, sijui kwangu au kwa wale kuku.

Baba Zuhura hakusema amenisamehe. Alisema kuku wa Nyarusange atawaleta mwenyewe, nisijisumbue.

Siku ya kufungua kituo watu walikuwa wamejaa, wafugaji, majirani, Madamu Mali na Désiré, na mimi niko mlangoni mwa lile jiko, bomba liko juu yangu. Baba Zuhura akafika na baiskeli yake na tenga nyuma, na kuku wanalia humo ndani, nikapumua. Kisha kabla hajafungua tenga akachukua mfuko uliokuwa umening'inia kwenye usukani, akatoa kuku mmoja aliyekwisha chinjwa na kuchunwa ngozi yote, kuanzia shingoni hadi miguuni, mwekundu, uchi wa mnyama. Akaninyooshea mbele ya umati.

"Mama Furaha, huyu ni wa Ngozi na hana ngozi," akasema. "Mpigie dereva simu, muulize kama anafaa."

Désiré alilazimika kukaa chini kwa kicheko. Madamu Mali aliomba atafsiriwe, akatafsiriwa, akaomba tena. Mimi nilimpokea yule kuku kwa mikono miwili kama ninavyopokea zawadi, kwa sababu ilikuwa zawadi, ingawa hasira ilinipanda hadi masikioni. Hao wa kwenye tenga niliwakaanga na ngozi zao, na madamu alikula yake, akala ya Désiré, na akapita kwenye meza akiwaomba waliobakiza.

Jiko nilipewa. Na nimeapa, na ninyi ndio mashahidi wangu, kwamba ile ya kuku sitaiita tena ngozi maadamu naishi Burundi, nitaiita urukoba kama Warundi wenzangu, na neno lile lingine nimeuachia mji wenyewe. Lakini Baba Zuhura haachi. Kila Alhamisi akileta kuku anasimama mlangoni, mbele ya yeyote aliyepo, ananiuliza leo nataka wa Ngozi au wasio na ngozi. Mimi nageukia meko, machozi yananilenga, na bomba linavuta vizuri kiasi kwamba sina hata moshi wa kusingizia.